Ndiyo Yake Haikutosha

Katika nyumba ya vyumba viwili waliishi watu watatu: mama, binti yake mshonaji, na mwanawe dobi. Dobi huyo aliitwa Taratibu, kwa kuwa hakuwa na haraka hata mkononi akiwa na pasi ya moto. "Shati lina mwenyewe," alizoea kusema. "Ukilikunja vibaya, umemkunja mtu."

Mwaka ule Taratibu alibadilika. Aliacha kulala. Alizungumza peke yake. Hospitali walimpa dawa na kadi ya kliniki ya akili, lakini mama aliificha kadi chini ya godoro. "Watu watasema nini?" alisema. Dawa zilipoisha, hakuna aliyerudi kuchukua nyingine.

Asubuhi moja Taratibu alizirundika nguo za wateja nyuma ya duka lake la udobi, akazichoma. Moto ukashika mlango wa karakana ya jirani yake, seremala. Kwa bahati, hakuna aliyeumia. Polisi walimkuta ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi njema, wakamkamata.

Mama alilia hadi sauti ikamkauka. "Akubali kosa, yaishe," alisema.

Nyumba ya jirani aliishi mwanamke mmoja, msaidizi wa sheria. Alikuja, akaketi kando ya cherehani.

"Mlimwuliza kwa nini alichoma?"

"Nilimwuliza," mshonaji alijibu. "Alisema nguo zimetiwa sumu. Sauti zilimwambia azichome kabla watu hawajazivaa."

"Basi akiulizwa mahakamani kama alichoma, atasema ndiyo. Lakini ndiyo ya mgonjwa asiyeelewa anachoshtakiwa haitoshi. Hakimu akielezwa, anaweza kuamuru apimwe na daktari kwanza. Asipoelezwa, atamhukumu kama mtu mwenye akili timamu."

"Kwa hiyo ataachiliwa?" mama aliuliza.

"Sikudanganyi, mwenzangu. Mwenye kuamua ni hakimu. Lakini ataamuaje juu ya jambo tulilomficha? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama aliinama. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kadi iliyokunjamana. "Nilimwonea haya mwanangu mwenyewe," alisema. "Ichukue."

Msaidizi wa sheria akawatafutia wakili.

Siku ya kesi, karani alisoma shtaka. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa," Taratibu alijibu akitabasamu. "Sasa nyote mko salama."

Watu wengine walicheka. Mshonaji aliuma mdomo. Wakili alisimama, akaeleza ugonjwa na kutoa kadi. Hakimu aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Hakuandika kwamba Taratibu amekiri. Aliamuru apelekwe hospitali, madaktari wampime na kuleta ripoti.

Matibabu yalichukua miezi. Sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Siku moja mshonaji alipokwenda kumtazama, Taratibu alimshika mkono.

"Dada, zile nguo. Kwani nilichoma za watu?"

"Ndiyo, kaka."

Alijifunika uso. Dada yake hakumwambia anyamaze. Alikaa naye tu.

Kesi iliposikilizwa tena, Taratibu alielewa kila neno. Daktari alieleza kwamba siku ile ugonjwa ulikuwa umemtawala. Hakimu alikubali. Hakumpeleka jela. Aliamuru aendelee na matibabu, kwanza hospitali, kisha nyumbani chini ya uangalizi.

Alirudi nyumbani amekonda, lakini usingizi ulikuwa umemrudia. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimletea kikombe cha maji na dawa. Alipoulizwa na watu, alijibu bila kupepesa macho: "Mwanangu anaumwa, na anatibiwa."

Wiki ya pili Taratibu alikwenda kwa seremala. Alisimama nje, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

Seremala aliacha msumeno. "Nasikia ulidhani unatuokoa."

"Ndiyo, mzee."

 Seremala akasukuma ubao mrefu mezani.

"Haya, nishikie huko mwisho," alisema. "Nikiukata peke yangu, unachezacheza."

Taratibu aliweka kofia chini, akaushika ubao kwa mikono miwili.