Mgeni wa Jumanne

Kila Jumamosi alfajiri, Khatija na mumewe Raza walitoka Malvern, mtaa wa Toronto, kwa gari. Walisafiri saa mbili kwenda mashambani, walikokodi eka nane. Walilima mahindi meupe ya kuchoma, yale ya nyumbani. Watu wa Arusha na Nairobi waliopo Toronto waliyagombania. Mwaka huo Raza aliacha kazi yake ya ghalani ili shamba lipate mtu.

Mwezi wa saba ikanyesha mvua ya mawe. Dakika kumi tu! Mahindi yote yakalala chini, majani yamechanika vipande vipande.

Raza alikaa kwenye ngazi ya gari akalia. Khatija hakuwahi kumwona analia, hata siku alipomzika mama yake.

"Tumekwisha," Raza alisema.

"Si tumejiandikisha kwenye ruzuku ya serikali ya kufidia hasara ya mazao? Ngoja nipige simu."

Ofisi ya serikali ikamjibu: mkaguzi atakuja Jumanne.

Sasa, Khatija alilelewa kwamba mgeni hapokewi kwenye uchafu. Tena mgeni wa serikali! Wakaazima trekta. Jumapili na Jumatatu walikata, wakalima, wakafukia kila bua. Kisha Khatija akakaanga sambusa.

Mkaguzi alikula, akanywa chai, akasifu. Halafu akatazama shamba.

"Mahindi yako wapi?"

"Tumeyaondoa," Khatija alisema kwa furaha. "Tumekusafishia."

Mkaguzi aliweka kikombe chini taratibu. "Mama, siwezi kuandika nisichokiona."

Barua ikaja: ombi limekataliwa. Kodi ikawashinda, mwenye ardhi akachukua eka tano akampa mtu mwingine. Raza akarudi ghalani. Nyumbani hakumlaumu mkewe, na hilo ndilo lililomuumiza Khatija zaidi. Aliichukia mikono yake mwenyewe.

Siku moja jirani yao wa shambani, Murithi, mtu wa Meru anayelima maharage, alimkuta Khatija ameduwaa kando ya uzio, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Wajiha, kwani haukujua? Shamba likiharibika usiguse kitu. Piga simu, piga picha, halafu ngoja. Mkaguzi anapima kile kimesimama."

"Na kama siwezi kungoja? Kama nataka kupanda kitu kingine?"

"Uliza ofisini kwanza. Wanaweza kukwambia uache mistari fulani ya kuonyesha. Lakini usilime kabla hawajakubali."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Iko kwa mkataba wa ruzuku. Uliusoma?"

Mkataba ulikuwa kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

"Wacha kujiumiza," Murithi alisema. "Hata mimi mwaka wa kwanza maharage yangu yaliharibika, nikayafukia kabla mkaguzi hajafika. Nililia hivyo hivyo."

Mwaka uliofuata mvua ikakataa kabisa. Zile eka tatu zilizobaki zikakauka. Khatija aliona dunia imemwelemea. Akapiga simu, akapiga picha, akaandika tarehe. Kisha akangoja siku tisa. Magari yalipopita barabarani, alivuta mtandio usoni kwa aibu. Mikono ilimwasha kung'oa. Hakung'oa hata jani.

Mkaguzi alipita katikati ya mistari, akahesabu, akapima. Khatija alitaka kuomba radhi kwa uchafu ule.

"Hayo ndiyo mahindi yangu," alisema. "Yote."

"Vizuri," mkaguzi alisema, akaanza kuandika.

Ruzuku ikaja. Ilitosha kodi ya eka tatu na mbegu za msimu mmoja. Zile tano hazikurudi, na Raza hakuacha tena ghala. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kupanda, Khatija alitoka nje akamkuta amekwisha kupakia mbegu garini.

"Na mawe yakija tena?" Raza aliuliza.

"Nitapika chai," Khatija alisema. "Shamba sitaligusa."