Memori Yote kwa Programu Moja

Fundi wa kompyuta wa zahanati alipenda kazi za Jumapili. Hakuna foleni, hakuna wa kumsumbua. Jumapili moja aliipanga upya hifadhidata, ile programu inayotunza mafaili ya wagonjwa. Aliipa karibu memori yote ya seva, kompyuta kuu ya zahanati, ili iende kasi. Akafungua faili moja. Likafunguka kufumba na kufumbua. Akaenda nyumbani kifua mbele.

Jumatatu watu wakajaa. Mapokezi, maabara na dirisha la dawa wote walifungua mafaili kwa pamoja. Seva ikaanza kujikokota. Dada wa mapokezi akamtania fundi kwamba seva yake imevimbiwa. Kila aliyeona faili halifunguki alibonyeza tena, na kila bonyezo likaongeza mzigo.

Katikati ya msongamano huo mke wa fundi alimleta mama yake mzazi, aliyekuwa akihema, hawezi kusema. Mke alijua kuna dawa inayomdhuru mama, ila jina lilikuwa limemtoka.

"Liko kwenye faili," alimwambia muuguzi.

Muuguzi alisubiri. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe. Mgonjwa alipozidiwa, wakamchoma sindano ya kawaida. Kumbe ndiyo hiyo. Mama hakufika jioni.

Baada ya mazishi zahanati ilimwita fundi wa hospitali kubwa, mwanamke asiyemung'unya maneno. Aliitazama mipangilio.

"Kaka, uliijaribu na watu wangapi?"

"Mimi peke yangu."

"Basi hukuijaribu."

Alimweleza kwamba seva yenyewe inahitaji memori ya kupumulia. Kila anayefungua faili naye anakula kipande chake, mbali na kile cha hifadhidata. Memori ikijaa, seva inahamishia kazi kwenye diski, nayo diski ni nzito, kama mpishi anayefuata kila kijiko cha chumvi stoo. Ikizidiwa kabisa, inaizima programu.

Wakaipunguzia hifadhidata. Wakaiachia seva sehemu yake, wakaweka kikomo cha wanaoingia kwa pamoja, na onyo linalolia kabla memori haijajaa. Kisha wakaijaribu wahudumu wote wakiwa kazini.

Wiki iliyofuata aliletwa mzee asiyejitambua. Faili likafunguka papo hapo, juu yake onyo jekundu la dawa inayomdhuru. Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei, akachukua dawa nyingine.

Jioni fundi alimsimulia mkewe. Mke alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee ana watoto?"

"Anao."

"Basi wao bado wana baba yao," alisema, akaanza kuondoa vyombo.