Mtoto Aliyeitwa Chuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chuma alimchemshia chai mdogo wake wa kike na kumfungia kamba za viatu. Wakati huo mama yao, fundi cherehani, alikuwa ameshaanza kushona nguo za wateja. Jina la Chuma alipewa na majirani siku ya mazishi ya baba yake, kwa kuwa hakudondosha hata chozi. "Huyu binti kajikaza kweli!" walimsifu, naye akaamini kwamba asipolia anamsaidia mama. Watu wazima nao wakati mwingine husifu wasichokijua.

Asubuhi moja mdogo wake alichukua kikombe cha baba kabatini ili anywee chai. Kikamponyoka, kikavunjika mpini. Bila kufikiri, Chuma alimzaba kofi. Mtoto akajigonga kwenye ukingo wa meza, akachanika juu ya jicho.

Kidonda kilishonwa zahanati, kikapona. Lakini mdogo wake hakutaka tena kuguswa na dada yake. Akimwona anaingia, alijificha nyuma ya mama. Chuma aliumia sana, maana huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kucheza na kulala kitanda kimoja.

Jioni moja alimwendea mama. "Mama, kwani mimi nina roho mbaya?"

Mama alisimamisha cherehani. "Ulipomwona na kikombe kile, ulijisikiaje?"

"Nilikasirika. Nilimkumbuka baba. Halafu nikakumbuka kwamba harudi." Hapo kilio alichokizuia tangu mazishini kikamtoka kwa kwikwi.

Mama alimkumbatia, naye akilia. "Kumbe tulikuwa tunafichana, mwanangu! Mimi nalilia bafuni ili usinione."

Mdogo wake alichungulia mlangoni, akasogea taratibu. "Dada, kumbe na wewe unamlilia baba? Nilidhani hukumpenda."

"Nilimpenda sana. Nisamehe, mdogo wangu. Sitakupiga tena."

Mtoto akajipenyeza katikati yao.

"Sikilizeni, wanangu," mama alisema akijifuta machozi. "Mtu kuhuzunika au kukasirika si kosa. Ukijisikia hivyo, niambie, au lia mpaka utosheke. Lakini mkono ni wako. Ukimpiga mwenzio, usiisingizie hasira. Na kuanzia leo baba yenu tutamzungumzia humu ndani, hata alivyokuwa akikoroma mpaka majirani wanagonga ukuta."

Wote watatu wakacheka huku machozi yakiwatoka.