Majani Ishirini ya Kichaka Kimoja

Kila Jumamosi asubuhi Bingwa alifagia sebule, akakunja nguo, kisha akajiona amewafanyia watu hisani. Jina hilo alipewa darasani kwa kuongoza katika mtihani wa sayansi mara tatu mfululizo. Tangu hapo alizungumza na wenzake kana kwamba anasahihisha daftari.

Jumamosi moja mama yake mdogo, mtafiti wa mimea, alimwita pamoja na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake. Mama mdogo alikuwa ameteguka mguu, hawezi kupanda mlima. Aliwapa bahasha ishirini zenye namba.

"Kule juu vimebaki vichaka visivyozidi mia," alisema. "Mhandisi wa barabara anadai ni vilevile vilivyopandwa kuwa uzio wa shule yenu. Kama ni kweli, mashine zitavifyeka. Kama ni spishi nyingine, barabara itapindishwa. Kwa macho hatuwezi kuvitofautisha. Tutapima vinasaba. Jani moja, kichaka kimoja, bahasha moja. Mmeelewa?"

"Mama mdogo, hilo hata mtoto wa chekechea analielewa," Bingwa alijibu.

Chini ya mlima, Bingwa alitazama juu, akasonya.

"Nitoke jasho kwa ajili ya magugu?"

"Lakini tumeagizwa," Kijiti alisema.

"Ndiyo maana unashika mkia darasani. Majani ni majani! Tumia akili."

"Basi tumia yako. Mimi simo." Kijiti akaenda zake nyumbani.

Bingwa alirudi kwenye uzio wa shule, akachuma majani ishirini kutoka kichaka kimoja, cha kwanza alichokifikia. Juu ya kila bahasha aliandika saa na mahali pa mlimani ambapo hakukanyaga. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Kazi yote ilimchukua robo saa, na aliona fahari.

Baada ya wiki tatu mama mdogo alimwita maabarani, akamsukumia karatasi yenye mistari ishirini.

"Soma."

"Zote zinalingana na uzio," Bingwa alisema. "Kumbe mhandisi alisema kweli."

"Soma tena. Vichaka vilivyoota kwa mbegu ni kama ndugu wa tumbo moja: wanashabihiana, lakini si mtu mmoja. Wewe umeniletea mtu mmoja mwenye majina ishirini."

"Labda bahasha zilichanganyika..."

"Zikachanganyika mpaka zikawa jani la kichaka kimoja? Ulidhani mashine hii ya kupima vinasaba ni mwalimu wa zamu, utaipiga chenga? Kama ningeharakisha, leo ningemwandikia mhandisi kwamba afyeke. Viumbe ambavyo huenda havipatikani kwingine vingekufa kwa sababu Bingwa aliogopa jasho."

Bingwa alikiri, kwa sauti ndogo ambayo hakuna darasani aliyewahi kuisikia.

Kesho yake alimwomba Kijiti radhi, wakapanda pamoja. Miiba iliwachana mikono. Kichaka cha ishirini walikipata baada ya kutafuta kwa muda wa saa tano.

Safari hii sampuli zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe, na zote zikawa mbali kabisa na uzio. Vichaka vya mlimani na vya uzio vilikuwa spishi mbili tofauti. Ramani ya barabara ilichorwa upya. Mama mdogo alichagua vichaka visivyo na undugu wa karibu, akachukua mbegu zake ili miche isitoke kwa mzazi mmoja na kuwa dhaifu.

"Kwa hiyo tumeviokoa," Bingwa alisema.

"Mmeviokoa baada ya wewe kukaribia kuviua," mama mdogo alimjibu. "Alama zako zinaonyesha kwamba unakumbuka ulichofundishwa. Sayansi inaanza pale unapoandika ulichokiona, mahali uliposimama, hata kama umechoka na hakuna anayekuangalia. Kuandika usichokifanya si usomi, mwanangu. Ni uvivu unaojua kusoma na kuandika."