Uarabuni Wapi?

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya uji, gazeti la Kengele lilibandikwa kwenye ubao ulio nje ya bwalo. Lilikuwa gazeti kubwa: karatasi mbili za manila zilizounganishwa kwa gundi, picha moja ya kuchora, na mhariri mmoja mwenye kujiheshimu kupita kiasi. Mhariri huyo aliitwa Rhobi, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya mji wa Butiama.

Tatizo la Kengele lilikuwa wasomaji. Wiki iliyotangulia Rhobi alikuwa ameandika makala nzito kuhusu usafi wa vyoo. Ilisomwa na watu wawili na mbuzi mmoja wa jirani, na mbuzi ndiye pekee aliyeimaliza yote, pamoja na gundi.

"Watu wanataka vita," alisema Machibya, mchoraji wa gazeti. "Mlinzi anasikilizaga redio pale getini. Israeli na Gaza kila siku. Twende tukachukue habari."

Wakaenda, wakainama chini ya dirisha la mlinzi kama wezi wa miwa. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Ilitamka maneno matatu, ikakoroma manne. Rhobi aliandika alichosikia, na alichokosa akakijaza mwenyewe.

Machibya, ambaye elimu yake yote ya nchi zile ilitoka shule ya Jumapili, aliandika kwamba Israeli inapigana na Wafilisti. Rhobi akalikata neno hilo kwa mamlaka yote ya kiti chake, akaandika "Waarabu", akaona kazi ya uhariri imekwisha. Kisha akachora herufi nene za kichwa cha habari: UARABUNI KWAWAKA MOTO! Chini yake akaongeza: "Watanzania walioko huko wakimbia ovyo. Simu hazipatikani."

Sentensi hizo mbili hazikutoka redioni. Rhobi alizitia kama mpishi anavyotia pilipili, ili mchuzi uchangamke. Machibya naye akachora jedwali kama la ligi, Israeli upande mmoja na Waarabu upande wa pili, akaandika: "Weka alama ya vema kwa timu yako."

Ijumaa ilipofika, ubao nusura uanguke.

"Sogea huko! Mimi ni Israeli, wako kwenye Biblia!"

"Wewe Israeli ya wapi, na kwenu ni Bunda?"

"Wanaoongoza ni nani? Wangapi kwa wangapi?"

Rhobi alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni rasmi aliyekuja kuzindua kisima. Ndipo aliposikia kikombe cha bati kikianguka.

Alikuwa Flora, msichana wa kutoka Nyamuswa, ambaye kitanda chake kilipakana na cha Rhobi. Uji ulikuwa umemmwagikia miguuni na wala hakuuona. Macho yake yalikuwa kwenye ile pilipili: simu hazipatikani. Akageuka, akaondoka.

Hapo Rhobi akakumbuka. Mama yake Flora alifanya kazi za nyumbani Maskati, nchini Oman. Lakini bwenini hakuna aliyesemaga Maskati wala Oman. Nyamuswa yote ilisema hivyo hivyo, na Flora mwenyewe pia: "Mama yuko Uarabuni."

Kwenye paredi Flora hakuwepo. Rhobi alikimbia bwenini. Sanduku lilikuwepo, viatu havikuwepo, na waya wa uzio nyuma ya bweni ulikuwa umeinuliwa. Kutoroka shule adhabu yake ilijulikana: kusimamishwa masomo. Rhobi akisema, Kengele lingekwenda na uhariri wake. Asiposema, Flora yuko peke yake barabarani, anamlilia mama ambaye labda hata mafua hana.

Alimkuta Mwalimu Lukresia, mlezi wa gazeti, akisahihisha madaftari ya historia.

"Madamu, Flora ametoroka. Na mimi ndiye niliyemtorosha."

"Umemtoroshaje?"

"Kwa kalamu, Madamu."

Akaeleza yote, hata pilipili. Mwalimu hakumaliza kusikiliza akiwa amekaa. Tayari alikuwa amenyakua simu na anaelekea getini, alipokuwa Shija wa bodaboda.

"Msichana wa sare? Kapita sasa hivi, analia," alisema Shija. "Nikamwambia nimbebe bure, akakataa. Alikuwa anaelekea stendi."

Mwalimu na Rhobi walimkuta stendi kweli, amekaa juu ya jiwe, akisubiri gari la Nyamuswa.

"Bibi ndiye ana namba ya mama," alisema kwa kwikwi. "Madamu, nifukuzeni tu, lakini kwanza nimsikie mama."

"Hakuna anayekufukuza. Namba ya bibi unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Mwalimu akapiga, akaeleza, akakata. Wakangoja. Rhobi aliitazama simu ile jinsi ambavyo hakuwahi kutazama hata matokeo ya mtihani. Ikaita.

"Flora mwanangu! Kuna nini? Bibi yako amenipigia analia, nikadhani umekufa wewe!"

"Mama, uko salama? Vita je?"

"Vita gani? Hapa vita ni mimi na nguo za kupiga pasi!"

Flora akacheka na kulia kwa mpigo mmoja. Rhobi alikaa chini kwenye vumbi na sketi yake ya sare.

"Nisamehe, Flora," alisema. "Zile sentensi nilizitunga."

Flora alipangusa machozi. "Utanifulia wiki mbili. Na soksi."

"Na soksi."

Mwalimu Lukresia alimtetea Flora kwa mkuu wa shule, naye hakusimamishwa. Kisha Mwalimu akawaita Rhobi na Machibya mbele ya ramani ya darasani.

"Gaza hii hapa. Maskati ile kule. Ndege ikitoka Musoma kwenda Dar es Salaam, ikarudi, ikaenda tena, ndio umbali huo. Ninyi mmezitia zote katika neno moja. Je, mtu wa ng'ambo akiandika 'Afrika kuna vita', nani atajua kwamba mchunga ng'ombe wa Butiama amekaa kwa amani? Na jedwali lile, Machibya, magoli yake ni nini?"

Machibya alitazama viatu vyake. "Ni watu, Madamu."

"Watu wa pande zote mbili. Futeni. Mkaandike upya."

Toleo jipya lilikuwa na ramani, na majina ya mahali yaliyotajwa sawasawa. Lilisema ni redio gani imesema nini, na mahali ambapo Kengele halikujua, liliandika "hatujui". Juu kabisa palikuwa na ombi la radhi kwa herufi nene kuliko zote. Shule nzima ililisoma, na safari hii hakuna aliyeuliza nani anaongoza.

Mwalimu Lukresia alilisoma polepole, akampa Rhobi gundi.

"Bandika," alisema. "Na kila Ijumaa, kabla hujabandika, jiulize jambo moja: mama wa nani yumo ndani ya sentensi hii?"