Ruhusa kwa Wengine

Neno la kwanza kupotea lilikuwa kijiko. Warda, mtoto wa miaka minne mwenye mdomo kama cherehani, alikaa mbele ya bakuli la uji akanyoosha kidole.

"Mama, nipe... nipe ile."

"Ile ipi?"

"Ile ya kunywea uji."

Mwantumu, mama yake, akacheka. Ridhiwani, baba yake, naye akacheka, na kicheko chake kikawa kikubwa zaidi, maana kila kitu cha Ridhiwani kilikuwa kikubwa zaidi, hasa maneno. Wote wawili hawakujua kwamba mtoto keshaibiwa.

Tuianze basi hadithi kunakostahili, na mwenye kubisha abishe akishafika mwisho, kama ataweza.

Ridhiwani alikuwa na kibanda cha fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye simu, pale Kibiti jirani na stendi. Njaa ya tumbo hakuwa nayo. Njaa yake ilikuwa kuitwa wa kwanza: wa kwanza kuvaa saa inayohesabu mapigo ya moyo, wa kwanza kutamka "akili mnemba" kijiweni watu wakaacha kahawa ikapoa. Laptop yake ilipokufa akanunua nyingine iliyotumika dukani kwa Wasim. Kuiwasha, haina Windozi.

"Hiyo Linaksi," Wasim akamwambia. "Mfumo wa wazi, kaka. Hauna mwenyewe. Kila mtu anaweza kuingia ndani akatazama ulivyotengenezwa."

"Kila mtu? Sasa mlango uko wapi?"

"Mlango ni wewe. Humo kitu hakiendi mpaka ukipe ruhusa."

Ridhiwani akaipenda, maana Kibiti nzima hakuna aliyekuwa nayo, na yote iliandikwa kwa Kiswahili. Haikupita muda, binamu yake Haruna wa Dar akamtumia kiungo: pochi ya sarafu za mtandaoni, pakua, mjini kila mjanja anayo. Ridhiwani akaona jina lake likitajwa mpaka Ikwiriri. Akapakua.

Ilikuwa Ijumaa, jua la utosi, wanaume wako msikitini na watoto wamefungiwa ndani kwa sababu saa hiyo si ya watu kuzurura. Yeye kabaki kibandani. Akabofya faili, kimya. Akabofya tena, kimya. Akabofya kitufe cha kulia, ikatokea orodha, na chini yake neno Sifa. Neno lenyewe likampendeza, akaingia. Humo akakuta Ruhusa, na mistari mitatu: Mmiliki, Kundi, Wengine. Mbele ya Wengine pameandikwa: Hakuna.

Mtu wa delta, kule mto unakomwagikia baharini, angeishia hapo akafunga duka. Kule visiwani majini hawatajwi kwa jina lao. Wanaitwa wengine. Mtu akimwaga maji ya moto nje husema, "Wengine tupisheni." Akikata mkoko mkubwa, huwaomba wengine radhi kwanza. Ridhiwani desturi hizo alizijua, bibi wa mkewe Mwantumu alikuwa mtu wa huko huko, lakini yeye aliziita ushamba. Akaweka alama mbele ya Wengine: kusoma, kuandika, kuendesha.

Laptop ikamuuliza, Una hakika?

"Nina hakika!" akajibu kwa sauti, mtu mzima na akili zake.

Feni ya kibandani ikapunguza mwendo. Harufu ikaingia, ya tope la mikoko lililofukizwa udi, nayo bahari iko mbali na Kibiti. Pochi ikafunguka yenyewe, bila kubofywa. Maneno haya kumi na mawili ndiyo ufunguo, iliandika. Mwenye maneno ndiye mwenye pochi, na vyote vilivyomo ni vyake.

Kijiko, paka, mkeka, mvua, taa, njaa, kicheko, usingizi, chozi, kivuli, jina, pumzi.

Mwingine angeyaandika akayaficha. Ridhiwani, kwa kuogopa karatasi kuibiwa, akaamua kuyahifadhi kichwani, jioni nyumbani alikorudi na laptop, kama alivyohifadhi sura za Kurani akiwa chuoni: kwa kuimba na kuyumba, na Warda kampakata mapajani. Mtoto naye akaitikia. Kabla ya adhana ya isha Warda alikuwa anayaimba peke yake, moja baada ya jingine, wakati baba yake bado anachanganya paka na mkeka.

"Mnaimba nini?" Mwantumu akauliza.

"Teknolojia, mke wangu."

Mwenye maneno ndiye mwenye pochi. Na sasa mwenye maneno alikuwa Warda; pochi ikawa yeye, na Wengine walishapewa ruhusa ya kuingia.

Baada ya kijiko likaondoka paka. Mtoto akamtazama paka wa nyumbani asijue amwiteje. Kisha mkeka. Mvua ikanyesha, akasema, "Mama, juu kunamwagika." Bado wakacheka, ila safari hii Mwantumu alicheka akimtazama mumewe. Likaenda taa.

Neno la sita lilipopotea, halikupotea neno tu. Warda hakuomba chakula asubuhi, hakuomba mchana, na ubwabwa ukawekwa mbele yake akautazama kama mchanga. Hapo Ridhiwani akakumbuka mpangilio wa yale maneno, akaanza kuyahesabu kwa vidole.

"Nini kinafuata?" Mwantumu akanong'ona, maana keshamwona usoni.

"Kicheko."

"Ridhiwani! Umemfanya nini mwanangu?"

Kicheko kikaenda. Walimtekenya mpaka wakaona aibu. Usingizi ukaenda, mtoto akawa analala chali macho wazi, na kutoka kwenye kona ya chumba, ile laptop iliyozimwa na kutolewa betri, feni yake ilikuwa ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, taratibu kama mtu mnene aliyeshiba.

Ridhiwani akarudisha betri, akaiwasha, akaenda Sifa, akaenda Ruhusa, awavue Wengine kila alichowapa. Maandishi yakaja mekundu: Huna ruhusa. Wewe si mmiliki. Akatazama mstari wa juu, mahali palipokuwa na jina lake. Pameandikwa: Mmiliki, Wengine.

"Mpigie bibi yako," akamwambia mkewe, na hiyo ndiyo siku ya kwanza Ridhiwani kumhitaji mtu wa Mbwera, kule visiwani.

Bibi Zabibu alivuka kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda, akafika Kibiti akimtukana dereva kwa mashimo yote ya njiani. Kisha akamwona kitukuu chake. Warda alikuwa analia bila chozi. Jua la alasiri lilimpiga mgongoni, na mbele yake ukutani hapakuwa na kivuli.

"Shikamoo, Bibi," Ridhiwani akasema.

"Marahaba. Nani kawakaribisha wengine?"

"Miye."

"Kwa maneno gani?"

"Kusoma, kuandika na kuendesha."

"Mume wangu," bibi akasema, maana kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu ndivyo alivyomwita Ridhiwani, "miye nimekupa mjukuu wangu mzima na hujanipa hata kimoja katika hivyo." Hakucheka. "Anayevamia hupungwa kwa ngoma akatoka. Huyu kaingia kwa ruhusa, na nyumba mmemwandikisha. Yamebaki mangapi?"

"Mawili. Jina, halafu pumzi."

Mwantumu akamvuta mtoto akampakata.

"Yote ya Kiswahili?"

"Yote."

"Basi mgeni wenu kasoma chuo kimoja tu, na asichokijua jina hawezi kukiiba. Huyu mtoto Kindengereko cha kwetu anakijua?"

Hakukijua. Ridhiwani ndiye aliyekipiga marufuku nyumbani, asije mwanawe akachekwa shuleni. Hata Mwantumu kilikuwa kimemfia mdomoni kwa kukosa wa kuongea naye.

"Mlikuwa mnamfungia mlango wa kutokea," bibi akasema polepole. "Haya. Kesho jua likifika utosini, mkae hapa, mfuate ninavyosema. Na weye mume wangu, ukiona haya ya ushamba, tutazika."

Kesho yake, kivuli cha mnazi kilipoingia chini ya mnazi, harufu ya tope na udi ikajaa chumba. Mwantumu akaita, "Warda!" Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia. "Warda mwanangu!" Hakugeuka. Jina limekwenda, likabaki moja, na Bibi Zabibu akampakata mtoto, akaweka mdomo sikioni mwake, akaanza kumpa neno, neno moja tu la Kindengereko, lile wanalokiitia wazee wa delta kile kinachoingia puani na kutoka, akalirudia na kulirudia, na Mwantumu akalidaka, likamrudia ulimini kama aliyelishwa tena chakula cha utotoni, na Ridhiwani naye akalisema kwa ulimi mzito, akikosea, akisahihishwa kwa kiwiko cha bibi, huku vifuniko vya masufuria jikoni vikifunuka kimoja kimoja, na mapazia yakisogezwa na kitu kinachotafuta, na mto ukipapaswa, na nywele za mtoto zikitenganishwa na vidole ambavyo hakuna aliyeviona, na kutoka kwenye feni ya laptop sauti nyembamba ikiuliza, pumzi, pumzi, pumzi iko wapi, na kifua cha Warda kikasimama, kikasimama muda ambao Mwantumu alisahau neno akabaki na mdomo wazi, mpaka mtoto mwenyewe, kwa sauti ndogo yenye kukwaruza, akalitamka lile neno la bibi, na kifua kikapanda.

Vifuniko vikaanguka. Harufu ikakatika.

Bibi Zabibu aliifunga laptop kwa kaniki, akaondoka nayo alfajiri, akaizamisha katika mfereji wa mikoko anaoujua yeye. Kisha akarudi Kibiti kuanza kazi. Warda, humu nitazidi kumwita hivyo, akapewa jina jipya, njaa mpya, usingizi mpya, vyote vya Kindengereko, na siku aliyocheka kwa lugha hiyo Ridhiwani alitoka nje akaegemea ukuta akalia kama mtoto. Mtu wa sifa yule akageuka mwanafunzi wa binti yake. Anatumwa maji haelewi, anachekwa na vijana wa kijiweni, naye anafurahi. Neno lile la pumzi, wasomaji wangu, sitaliandika hapa hata mnipe nini. Wengine nao wanasoma. Waliruhusiwa.

Yaliyotokea juzi ni haya, na ndiyo yaliyonifanya nisikae nayo peke yangu.

Ilikuwa mchana, Mwantumu kaenda kisimani. Bibi Zabibu kakaa barazani na Warda magotini, wanadurusu maneno. Ridhiwani anatengeneza mguu wa kiti. Bibi akasema neno, Warda akaitikia. Bibi akasema neno, Warda akaitikia.

Na ndani, chumbani ambamo hamkuwa na mtu, kitu kikaitikia pia.

Kilikosea. Kilikosea kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, kwa ulimi mzito kama ule wa Ridhiwani. Bibi hakusimama, akarudia neno kana kwamba hakusikia. Kikaitikia tena, safari hii kikikosea kidogo tu. Nyundo ikamdondoka Ridhiwani mkononi.

Neno la tatu kikalisema sawasawa, na Warda akakohoa.

Bibi Zabibu alimkumbatia mtoto kifuani, na bila kugeuza shingo, akanong'ona:

"Mume wangu... katika ukoo wenu, kuna yeyote anayejua Kimatumbi?"