Kaa Waliolishwa Mtulizo

Jua lilipopanda juu ya mikoko ya delta, Mlishi aliinuka kutoka gatini, akatandaza mbawa zake za kioo na kuanza kuelea juu ya mabwawa bila kishindo. Hakuwa ndege wala hakuwa chombo cha baharini. Alikuwa roboti mpana kama uwanja wa mpira, mwenye akili unde kifuani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwalisha kaa. Kila alipopita alishusha mkeka wa majani madogo ya kijani, yaliyooteshwa kwenye maziwa ya maji baridi huko juu ya mto. Kaa wakatoka matopeni, maelfu kwa maelfu, magando wameyakunja, wakala bega kwa bega kama wageni waliozunguka sinia moja la pilau.

Watazamaji waliotoka mbali walinong'ona tu darajani, maana mahali pale sauti kubwa ilionekana haina kazi. Katikati ya kundi walikuwamo kaa waliojivua gamba asubuhi ile, mwili wote laini, na hakuna mwenzao aliyewagusa. Anayewajua kaa ataelewa kwa nini watu walishangaa. Kaa wa mikoko ni mgomvi tangu udogoni. Mwenzake akijivua gamba, humgeuza kitoweo. Ndiyo maana wafugaji wa zamani walimfungia kila kaa ndani ya kijisanduku chake peke yake, wakamtupia vipande vya samaki.

Aliyeyabadilisha hayo ni Daktari Sikudhani Mbonde, mtoto wa hapo hapo Rufiji. Alichukua azola, lile jani linaloelea ambalo wakulima wa mpunga wanalifahamu, akalibadili chembe zake za urithi mpaka likaanza kutengeneza dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu ya kaa. Jani hilo jipya akaliita mtulizo. Kaa aliyekula mtulizo alinenepa na kusahau ugomvi. Mji mzima ukajengwa juu ya usahaulifu huo: nyumba za nguzo, vijia vya kioo kati ya mikoko, na kila jioni harufu ya kaa wa nazi ikitoka kila jiko.

Siku ile Sikudhani alikuwa na msiba. Jana yake alimzika mama yake, Bi. Mwanahawa, na alipoamka akajikuta anavaa koti la kazi kama siku yoyote. Akawakagua kaa, akaridhika, kisha akarudi nyumbani kukaa mkekani na waombolezaji. Wote walikuwa wametulia kama watu wanaosubiri kivuko.

Jirani yake, Bi. Tabu, alimpapasa mkono. Miaka kadhaa iliyopita mwana wa Bi. Tabu, Hamadi, alizama mtoni.

"Pole, mwanangu. Yanapita tu haya," alisema. "Mimi Hamadi tulimzika asubuhi, alasiri nilikuwa sokoni na vitumbua vyangu."

"Tumepoa, Bi. Tabu."

Wakatabasamu wote wawili.

Mara mlango ukasukumwa, akaingia Mihayo, fundi mkuu wa viungo vya Mlishi. Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyehamia deltani kabla mji haujajengwa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuonja kaa. Akikaribishwa huuliza, "Mimi nile buibui wa majini?" Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa mji hana. Alikuwa amejitanda kanga ya marehemu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko.

"Nani kaacha mlango wazi? Mnafuga mbu humu?" alifoka kwa sauti ya Bi. Mwanahawa yenyewe. "Sikudhani! Udaktari wote huo na masufuria huyaoni? Unamngoja roboti akuoshee? Na nyie mliojazana hapo, mmekuja kulia au mmefuata ubwabwa?"

Msiba wa kawaida ungetikisika. Mmoja angemfukuza, mwingine angecheka mpaka kicheko kigeuke kilio. Ndiyo kazi ya mtani, kuipasua ile huzuni iliyoganda. Lakini waombolezaji walimtazama kwa adabu. Mtu mmoja akasogea kumpisha.

"Karibu, keti," alisema.

Mihayo akashusha mwiko. Uso wake ulianza kuingiwa na hofu.

"Mtani," alimwambia Sikudhani, polepole, "mimi nimekuja kuwatania wafiwa. Wafiwa wako wapi?"

Masikioni mwa Sikudhani sauti ile ilikuwa ya mama yake barabara, lakini mama mwenyewe hakuwa ameitoa kwa miaka mingi. Alikuwa ameacha kufoka. Aliacha mwaka ule ule mji ulipoanza kula kaa wa mtulizo, na Sikudhani alishukuru, akawaambia rafiki zake kwamba uzee umemlainisha mama. Sasa alilitafuta chozi ndani yake, akalikosa. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.

Akainuka kwenda maabara, Mihayo nyuma yake na kanga yake.

"Lakini tulipima," alisema Sikudhani njiani, kama anayejitetea. "Kaa akiiva, dawa inakufa. Nilisimamia mimi mwenyewe. Tuliwachemsha kwa maji na chumvi..."

Akakisikia mwenyewe alichokisema, akasimama. Maji na chumvi! Nani deltani anakula kaa wa maji na chumvi? Walifuata kanuni za wataalamu wa nchi za mbali, na jengo zima la utafiti halikuwa hata na mbuzi ya kukunia nazi.

Mihayo alikwenda kuazima mbuzi na nazi mbili. Walipika kaa wa tui juu ya jiko la maabara, kisha Sikudhani akaweka tone la mchuzi chini ya kioo cha kupimia. Dawa ilikuwa imekimbilia kwenye mafuta ya nazi, nzima, haijaguswa na moto.

Akamwita Mlishi kwa redio.

"Kuanzia kesho usishushe mtulizo. Shusha azola ya kawaida."

"Daktari, kaa watalana," ilijibu sauti tulivu ya roboti.

"Najua."

"Na watu je?" aliuliza Mihayo.

Sikudhani alikumbuka methali aliyopenda mama yake: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Alikata redio, akaenda kulieleza baraza la mji kosa lake, bila kuficha neno.

Majuma yaliyofuata mabwawa yalichafuka, magando yaliyong'oka yakawa yanaelea juu ya maji. Sokoni watu waligombana, halafu wakacheka kwa sauti kubwa, wakashangaa wenyewe. Mchana mmoja Sikudhani aliingia nyumbani akaacha mlango wazi, akatulia akisubiri kufokewa. Kimya. Alikaa pale pale kizingitini akamlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka, na katika machungu yale alimpata tena, ukali wake na ulimi wake wote.

Asubuhi moja akasikia mtu anamwita nje. Alikuwa Bi. Tabu, miguu mitupu, macho yamevimba.

"Hamadi wangu kafa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikwenda kuuza vitumbua!" Bi. Tabu alipiga kelele. "Udongo wa kaburi haujakauka, mimi nawachekea wateja! Miaka yote hii mwanangu hajaliliwa. Ulinifanya nini, Sikudhani?"

Sikudhani alinyoosha mkono, Bi. Tabu akausukuma.

"Usinishike. Niitie watu. Matanga yanaanza leo."

Sikudhani akatoka mbio kwenye vijia vya kioo. Nyumba ya kwanza alibisha hodi, akakuta wenyewe wamekaa chini wanamlilia babu yao. Nyumba ya pili walikuwa wanamlilia bibi harusi aliyefariki zamani. Ya tatu hakubisha. Kilio alikisikia tangu mbali.

Akarudi peke yake. Bi. Tabu alikuwa bado amesimama mlangoni. Sikudhani akatandika mkeka, akaketi, na safari hii mama yule hakumsukuma. Wakaanza kumlilia Hamadi, wawili tu.